Namba za kwenye boksi la dawa: jinsi ya kuzisoma na kuzilinganisha

Chukua boksi lolote la dawa ulilo nalo, uligeuze mpaka uone kile kifuniko cha pembeni. Mara nyingi utakuta hapo mistari mitatu au minne ya herufi ndogo nyeusi ambazo hazifanani na maandishi mengine. Zimekaa kama zimegongwa juu juu, pengine zimepinda kidogo. Sababu ni kwamba boksi lenyewe lilichapwa mapema, maelfu kwa mkupuo, likiwa na jina, rangi na maelezo yake. Ile mistari ilipigwa siku dawa ilipofungashwa. Ndiyo sehemu pekee inayoizungumzia dawa hii uliyoishika. Maandishi mengine yote yanahusu dawa za jina hilo kwa ujumla.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa kwa miaka, na karibu kila mteja anayegeuza boksi hutafuta kitu kimoja tu: tarehe ya kuisha muda. Akiiona bado iko mbele, analitia mfukoni. Si vibaya, ila tarehe ndiyo namba rahisi kuliko zote kughushi. Tena namba yoyote ikiwa peke yake haithibitishi kitu, maana mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuichapa. Kazi ya namba hizi ni kulinganishwa: boksi na kilichomo ndani, kilichomo ndani na rekodi, rekodi na matangazo ya mamlaka. Panapotofautiana ndipo pa kusimama.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje, uweke penye mwanga

Unahitaji boksi, stripu ya vidonge (au chupa, tyubu, sindano) na karatasi ya maelezo. Vyote vitatu, kwa pamoja, kabla hujaanza kutumia dawa.

Kwenye boksi namba husomeka vizuri. Shida huwa kwenye stripu, kwa sababu watengenezaji wengi hawatumii wino pale. Wanabonyeza namba kwenye ukingo wa bati na kuacha mikwaruzo isiyo na rangi. Usiikodolee macho. Iinamishe stripu mpaka mwanga uipige kwa ubavu, utaona vivuli vya herufi vikijitokeza. Ikigoma, weka karatasi nyembamba juu ya ule ukingo na upitishe penseli kwa ulazo, taratibu, kama watoto wanavyonakili sarafu. Namba inajichora yenyewe. Kwenye tyubu ya krimu angalia mkia uliobanwa, na kwenye chupa angalia lebo, kisha shingo na kitako.

Jambo moja dogo linaloharibu kila kitu: watu hukata stripu au kuanza kutoa vidonge kutoka upande wenye namba. Aliwahi kuja mama mmoja na vidonge vinne kwenye kipande cha bati, boksi limeshatupwa, anataka kujua kama bado vinafaa. Kipande chenye tarehe ndicho alichokata kwanza. Sikuwa na la kumjibu. Anzia upande mwingine, ukingo wenye namba ubaki wa mwisho.

Hatua ya 2: Soma tarehe, lakini isome kwa lugha yake

"EXP" inajulikana. Lakini dawa husafiri, na boksi linaweza kufika likiwa na lugha ya kule lilikotoka. Kwa Kifaransa huandikwa "PER", Kihispania "CAD", Kiitaliano "Scad.", Kireno "Val.", Kijerumani "verwendbar bis", Kituruki "SKT". Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi ni "MFG" au "MFD", na kwa Kifaransa "FAB". Wapo waliosoma ya kutengenezwa wakaitupa dawa nzima, na wapo waliofanya kinyume chake, ambayo ni hatari zaidi.

Tarehe ikiwa na mwezi na mwaka tu, dawa inafaa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. "EXP 06/2028" maana yake 30 Juni 2028. Ikiwa na siku, mwezi na mwaka, kumbuka kwamba Marekani mwezi hutangulia siku. Boksi la Thailand linaweza kuonyesha mwaka wa Kibudha, ambao uko mbele kwa miaka 543: 2570 ni 2027. Usishangilie dawa inayodumu karne tano.

Sasa pima nafasi kati ya tarehe mbili. Dawa nyingi hupewa miaka 2 au 3, na ni nadra kuvuka 5. Ukikuta miaka 8 au 10 kati ya kutengenezwa na kuisha muda, au mwezi ambao haupo kwenye kalenda, anza kutilia shaka. Kisha linganisha boksi na stripu. Lazima zifanane kabisa. Ukiona tarehe ya boksi imebandikiwa karatasi juu, au sehemu ya chini inang'aa kama iliyosuguliwa kwa kemikali, usiitumie.

Na tarehe hiyo ni ya dawa ambayo haijafunguliwa. Matone ya macho, dawa za unga zilizochanganywa na maji na insulini huanza saa nyingine siku unapozifungua. Muda huo uko kwenye karatasi ya maelezo. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya chupa yenyewe.

Hatua ya 3: Namba ya toleo, ambayo wengi huiruka

Huandikwa "LOT", "Batch", "B. No.", "Lote", kwa Kijerumani "Ch.-B.". Wafamasia wengi huiita bechi. Ni jina la mkupuo mmoja: dawa zote zilizotoka kwenye mchanganyiko mmoja, zikapimwa pamoja maabara, zikafungashwa pamoja. Kama kuna kasoro, zote zinaweza kuwa nayo.

Usijaribu kuifasiri. Kila kiwanda kina utaratibu wake. Wengine huingiza mwaka na mwezi, wengine huchanganya herufi na tarakimu kwa namna wanayoijua wao. Wewe inakili tu, herufi kwa herufi, ukiwa makini na zile zinazofanana: O na 0, I na 1, S na 5, B na 8. Mimi hupiga picha kwa simu, naona ni salama kuliko kuandika.

Manufaa yake utayaona siku dawa inapoondolewa sokoni. Mwaka 2018 nchi nyingi ziliondoa matoleo ya valsatani, dawa ya shinikizo la damu, baada ya kukutwa na uchafu wa kemikali unaoitwa NDMA. Hayakuwa ya kila kiwanda, wala si ya kila toleo. Aliyekuwa na namba yake alijua baada ya dakika moja kama yumo au hayumo. Asiyekuwa nayo aliacha dawa kwa hofu, na kuacha dawa ya shinikizo ghafla kuna hatari zake; ushauri ulikuwa wazungumze kwanza na daktari au mfamasia wapewe nyingine. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu ya dayethilini glikoli na ethilini glikoli, tangazo lilibeba majedwali ya jina, mtengenezaji na namba za toleo. Matangazo ya aina hii karibu yote husomwa hivyo. Bila namba ya toleo huwezi kuyatumia.

Lakini namba ya toleo nayo hudanganya, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Juni 2024 shirika hilohilo lilitahadharisha juu ya sindano bandia za Ozempic, dawa ya kisukari, zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Zilikuwa na namba tatu za toleo, kila moja na uongo wake. LP6F832 haikutambulika kabisa. NAR0074 iliambatana na namba ya mfululizo (namba ya boksi moja moja) 430834149057, na jozi hiyo haikulingana na rekodi za utengenezaji. MP5E511 ilikuwa namba halali, ila dawa iliyoibeba ilikuwa bandia. Kwa hiyo mtu angeweza kuuliza, "Je, MP5E511 ipo?" akajibiwa ndiyo, akajichoma sindano ya uongo. Swali linatakiwa kuwa refu zaidi: je, namba hii ya toleo, pamoja na tarehe hii, pamoja na namba hii ya mfululizo, kwenye kifungashio hiki, vinakubaliana?

Hatua ya 4: Namba ya usajili

Hii huchapwa pamoja na boksi kwa sababu haibadiliki toleo hadi toleo. Inasema mamlaka fulani imeikubali dawa hii iuzwe. Muundo wake hutegemea nchi. Dawa iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mzima huanza na EU/1 kama ni ya binadamu na EU/2 kama ni ya mifugo; ukikuta EU/2 kwenye dawa unayotaka kumeza, umechukua ya mnyama. Uingereza hutumia PL ikifuatiwa na tarakimu tano, mkwaju, na tarakimu nne. China huweka herufi mbele ya tarakimu nane: H kwa dawa za kemikali, Z kwa za asili za Kichina, S kwa za kibayolojia.

Marekani ina NDC, tarakimu 10 katika mafungu matatu: kampuni, dawa, na ukubwa wa kifungashio. Tahadhari: kuwa na NDC si sawa na kuidhinishwa. Ni namba ya kuorodheshwa, na zipo bidhaa zilizoorodheshwa bila kupitia idhini ya mamlaka ya dawa. Vilevile "Mfg. Lic. No." unayoiona kwenye dawa nyingi za India ni leseni ya kiwanda kutengeneza. Haisemi kwamba dawa imesajiliwa pale inapouzwa.

Ingia kwenye daftari la mtandaoni la mamlaka ya dawa ya nchi unakonunulia, tafuta namba, kisha soma mstari mzima. Jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, umbo na mtengenezaji vyote vifanane na boksi. Wauzaji wa bandia hupenda kuazima namba ya dawa nyingine iliyosajiliwa kweli.

Hatua ya 5: Msimbo wa mistari

Ile mistari mieusi yenye tarakimu 13 chini yake ni namba ya bidhaa tu. Kila boksi la dawa hiyo, la ukubwa huo, lina namba ileile. Haijui toleo lako wala tarehe yako.

Kuna imani iliyoenea kwamba tarakimu tatu za mwanzo huonyesha nchi ilikotengenezwa: 890 India, 690 China, na kadhalika. Sivyo. Zinaonyesha tawi la GS1, shirika linalogawa namba hizi, ambako kampuni ilichukua namba zake. Kampuni iliyojisajili Ujerumani inaweza kutengenezea dawa bara jingine na mwanzo wa namba ukabaki uleule. Nchi ya utengenezaji itafute kwenye maneno.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, na unaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Tuchukue namba ya mfano, 4012345678901. Acha ya mwisho. Kuanzia kushoto, jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo: 4+1+3+5+7+9 ni 29. Jumlisha zilizobaki: 0+2+4+6+8+0 ni 20, zidisha kwa 3 upate 60. Jumla 89. Ili kufika kwenye kumi inayofuata, yaani 90, imepungua 1, na 1 ndiyo tarakimu ya mwisho. Hesabu ikikataa, ama umenakili vibaya ama aliyeichapa hakujua anachofanya. Ikikubali, haijakuambia lolote zaidi ya kwamba namba imeandikwa sawasawa.

Hatua ya 6: Kimraba cha vidoti

Huu ndio msimbo wenye habari nyingi, na ndio unaochanganywa sana na msimbo wa QR. Kuutofautisha ni rahisi: QR ina macho matatu ya mraba kwenye pembe zake. Huu mwingine, unaoitwa DataMatrix, hauna macho. Pande zake mbili ni mstari mzito unaofanya umbo la L, na pande mbili zilizobaki ni vidoti vinavyopishana. Kamera za simu nyingi husoma QR na kuupita huu kama haupo. Pakua programu ya kusoma misimbo inayotaja DataMatrix.

Ukiusoma utapata utepe wa namba usio na nafasi, mfano:

01040123456789011728063010B7K2042158K3W9RT

Usiogope. Umegawanyika kwa vitambulisho vya tarakimu mbili. 01 hutangulia namba ya bidhaa, na baada yake hesabu tarakimu 14 kamili: 04012345678901 (ile namba yetu ya hapo juu ikiwa imetanguliziwa sifuri). Inafuata 17, tarehe ya kuisha, tarakimu 6 kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 280630, yaani 30 Juni 2028. Ukikuta siku ni 00, ihesabu kuwa mwisho wa mwezi. Kisha 10, namba ya toleo. Kisha 21, namba ya mfululizo.

Hapo kwenye 10 na 21 ndipo watu hupotea, kwa sababu urefu wake haujapangwa. Kila moja yaweza kufika herufi 20. Kati yao huwekwa alama ya kutenganisha ambayo programu nyingi hazionyeshi. Kwenye mfano wetu unaweza kudhani toleo ni B7K2042158K3W9RT. Ufunguo ni boksi lenyewe: limeandikwa LOT B7K204, kwa hiyo kata hapo, na 21 inayofuata ni kitambulisho. Mpangilio wa vitambulisho nao hubadilika, 21 yaweza kutangulia 10.

Linganisha kila kipande na maandishi yaliyo kando ya kimraba. Kwenye maboksi ya Ulaya utaona PC kwa namba ya bidhaa, SN kwa ya mfululizo, LOT na EXP. Hitilafu ya herufi moja inatosha kulirudisha boksi.

Namba ya mfululizo ndiyo inayotofautisha boksi lako na la jirani yake kwenye katoni moja. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zilianza kuidai kwa dawa nyingi za cheti cha daktari tarehe 9 Februari 2019, na sheria yao inataka isiweze kubahatishwa zaidi ya mara moja kwa 10,000. Mfamasia akiipitisha kwenye mashine, hifadhi ya taarifa humjibu kama boksi lipo na halijatolewa bado, kisha huliwekea alama kwamba limeshatolewa. Nakala ya pili ya boksi hilo ikijitokeza popote, kengele inalia. Mgonjwa hawezi kuingia kwenye hifadhi ile kwa simu yake. Unachoweza ni kumwomba mfamasia alipitishe mbele yako.

Hatua ya 7: Namba za kukwangua, na misimbo ya QR

Namba ya kukwangua unaijua kama unaijua vocha ya simu. Nigeria ilianza kuitumia kwa dawa mwaka 2010: unakwangua, unatuma namba kwa ujumbe mfupi, unajibiwa. Ni njia nzuri kwa sharti moja, kwamba eneo la kukwangua likufikie halijaguswa. Likishakwanguliwa, mwingine ameshaitumia namba. Na tuma kwenye namba fupi uliyoipata kwenye tovuti ya mamlaka. Iliyochapwa kwenye boksi pekee isikutoshe, kwa sababu tapeli anaweza kuchapa ya kwake na kujijibu mwenyewe kwamba dawa ni halali.

QR ina udhaifu huohuo. India imezitaka dawa za majina 300 yanayouzwa sana ziwe na msimbo unaosomeka kuanzia 1 Agosti 2023, na ni msaada. Lakini kabla ya kufungua, soma anwani ambayo simu inakuonyesha. Tovuti maridadi yenye alama ya vema ya kijani inajengwa kwa mchana mmoja.

Alama ambazo hazikuhusu

Utaona mistari michache minene na myembamba isiyo na namba, kwenye kifuniko cha ndani au ukingoni mwa karatasi ya maelezo. Hiyo ni ya mashine ya kufungasha, ihakikishe karatasi ya dawa hii haijaingia boksi la dawa nyingine. Viboksi vya rangi ni vya mchapaji. Havisemi kama dawa ni ya asili au ya kemikali, hata kama umetumiwa ujumbe unaodai hivyo.

Ukikuta tofauti

Usiitumie, na usiitupe. Weka boksi, stripu, karatasi na risiti kwenye mfuko mmoja. Piga picha pande zote sita za boksi na ukingo wa stripu. Mpelekee mfamasia kwanza. Mara nyingine jibu ni la kawaida, kama kiwanda kubadilisha muundo wa boksi. Asiporidhika, wote wawili muipelekee mamlaka ya dawa, mkitaja jina, nguvu, mtengenezaji, toleo, tarehe, namba ya mfululizo kama ipo, na mahali iliponunuliwa. Kama mgonjwa alishaimeza, mweleze daktari toleo lenyewe. "Vile vidonge vyeupe" havimsaidii.

Kwa dawa iliyo salama, boksi likibaki tupu, lichane kwanza. Kata kimraba cha vidoti vipande viwili, chora juu ya namba kwa kalamu nzito, chupa zibandue lebo. Boksi zima lenye namba halali ni mali kwa mtu anayetafuta pa kuweka vidonge vyake.